Bima Aliyoichagua Alfhild

Alhamisi ya kuamkia sikukuu ya katikati ya kiangazi, watu wa kitengo cha madai walikuwa kazini kwa miili tu. Mabegi ya safari yalipangwa mlangoni, mtu alikuwa ameleta ndoo ya stroberi, na saa sita mchana ofisi ingefungwa hadi Jumatatu. Disa Malmsten hakuigusa ndoo. Alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, anasikiliza kwa mara ya tatu simu iliyorekodiwa tarehe kumi na tisa Machi.

Disa alikuwa polisi kwa miaka ishirini na miwili kabla kampuni ya bima haijamwajiri kuchunguza madai ya wanyama. Wenzake wa zamani pale Norrköping walimwita polisi wa paka. Hakujali. Alikuwa amegundua kwamba watu hudanganya kuhusu paka kwa ustadi uleule wanaoutumia kudanganya kuhusu wake zao.

Bosi wake, Ture Wrede, akaja kusimama mbele ya meza, saa mkononi akiigonga kwa kidole.

"Faili ya Alfhild Norlin bado iko wazi."

"Bado."

"Saa sita inakwenda polisi. Bahasha nimeshaiandika anwani."

"Basi nisimulie kesi yenyewe, Ture. Nataka kuisikia kwa mdomo wako."

Wrede akavuta pumzi kama mwalimu anayerudia somo. "Mama wa miaka sabini na moja ananunua bima ya paka wake, Saffran, tarehe kumi na tisa Machi. Kwenye fomu ya afya anaandika paka hajawahi kuugua. Juni paka anaanguka kutoka roshani ya ghorofa ya nne, nyonga inavunjika, taya linapasuka, mama analeta madai. Sisi tunaomba kumbukumbu za kliniki. Tunakuta nini? Tarehe nne Machi, kliniki ya Söderköping, jina lake, namba ya chipu iliyo chini ya ngozi ya paka wake, ugonjwa: kisukari. Siku kumi na tano kabla ya bima. Alijua, akanyamaza."

"Lakini anadai nyonga. Hajadai kisukari."

"Ukidanganya kwenye fomu umeua mkataba mzima. Hilo unalijua kuliko mimi."

"Hospitali ya wanyama ilimpima damu wiki iliyopita. Sukari iko sawa."

"Nimemuuliza daktari wetu. Kisukari cha paka huweza kutulia kwa kubadilisha chakula tu. Hapo huna kitu."

Disa akachomoa waya wa vipokea sauti, simu ikasikika wazi. Sauti ya Alfhild Norlin ilikuwa kavu na ya taratibu, sauti ya mtu aliyetangaza vituo maisha yake yote.

*"Nina daftari hapa, binti. Nimeandika kampuni tano, nyinyi ni wa nne. Paka akianguka mnalipa? Mifupa? Na taya je? Maana wa pili hawalipi taya mpaka fuvu nalo livunjike, na mimi huo nauita ujanja."*

Muuzaji akamhakikishia kwamba taya linalipwa. Kisha akasema: *"Kwa nyongeza kidogo ninaweza kukuwekea na bima ya dawa. Paka akipata ugonjwa wa kudumu, tunalipia dawa zake."*

*"Dawa za nini? Paka wangu yuko buheri wa afya. Niwekee mifupa, dawa ziache."*

Disa akazima.

"Paka wa kisukari anahitaji nini, Ture?"

"Sindano."

"Mara mbili kwa siku, pengine hadi anakufa. Na huyu mama anaambiwa sindano tutazilipa sisi, yeye anasema ziache. Mwizi huchagua bima kwa analolijua. Mtu mwema huichagua kwa analoliogopa. Huyu alikuwa anaiogopa roshani yake."

Wrede akaacha kuigonga saa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi.

"Hiyo ni hoja," akasema. "Ushahidi uko wapi? Karatasi ya kliniki ina namba ya chipu. Niletee kitu kinachoishinda ile namba."

"Nipe hadi saa sita."

"Saa sita ni saa sita, Disa. Si na dakika tano."

* * *

Alfhild Norlin alifungua mlango kabla kengele haijalia. Alikuwa mrefu, mkongojo mkono mmoja, nywele nyeupe zimebanwa nyuma kama za mtu anayekwenda zamu.

"Wewe ndiye wa bima," akasema. "Kahawa iko tayari, na maandazi ya mdalasini. Usidhani ni rushwa. Ningempa hata fundi bomba."

Waliketi jikoni. Mlango wa roshani ulikuwa umefungwa kwa kamba, wavu uliochanika ukining'inia nje, na mbayuwayu wakipita karibu na ukuta kama wanaokejeli.

"Alimrukia mmoja wa hao," akasema Alfhild. "Wavu ukaachia. Nilimwona anakwenda." Akakisogeza kikombe inchi moja, akakirudisha. "Leo saa nane mchana wanataka kumtia chuma kwenye nyonga. Daktari anasema ikipita wiki hii mfupa utajiunga kombo, hatatembea sawasawa tena. Wanangoja neno lenu. Na mimi nimeendesha tramu miaka thelathini na minne, sijagonga hata baiskeli. Leo kijana mwenye tai ananiandikia kwamba mimi ni tapeli."

"Polisi bado hajawaandikia. Tarehe nne Machi ulikuwa wapi?"

"Kitandani, hospitali. Walinibadilisha nyonga. Mimi nami, unaona, tunafuatana na paka wangu. Tarehe mosi hadi tarehe tisa." Akaleta karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, tarehe zikiwa zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Na Saffran?"

"Alibaki hapahapa. Holger Frisk wa ghorofa ya pili alikuwa anakuja kumlisha. Anafundisha useremala shuleni. Yeye naye ana paka wa rangi ya chungwa kama Saffran, Kasper, kwa hiyo anawajua."

Kalamu ya Disa ikasimama. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakupenda alichokiona. Kama Holger ndiye aliyempeleka Saffran kliniki bila kusema, basi Alfhild hakuwa mwongo, lakini paka angekuwa mgonjwa kweli kabla ya bima, na Wrede angebishana juu ya hilo mpaka vuli. Nyonga isingengoja vuli.

"Holger alikuwa na karatasi za chipu ya Saffran?"

"Ziko kwenye droo hiyo. Nilimwambia likitokea la kutokea azichukue."

"Bima ulianzaje kuifikiria?"

"Yeye huyohuyo. Nilipotoka hospitali nikamsikia kwenye ngazi akiisifia bima aliyomkatia Kasper. Nikasema, kumbe! Nikashika daftari." Alikuwa nalo tayari mkononi: kurasa za mirabamiraba, kampuni tano kwa safu, maswali kumi na manne. Mbele ya swali la kwanza, *akianguka?*, alikuwa ameweka nyota tatu. Swali la dawa lilikuwa la mwisho kabisa, na mbele yake aliandika: *haihusu.*

Disa akalipiga picha. "Saffran alitiwa chipu lini?"

"Akiwa na wiki kumi na mbili. Miaka minne iliyopita. Nilimshika mwenyewe."

"Nahitaji sahihi yako. Kumbukumbu za kliniki ziko kwa jina lako, ukiniruhusu nitaziona zote, hata zile ambazo hawakututumia."

Alfhild akatia sahihi bila miwani. "Kimbia basi," akasema. "Tatu kasorobo hii kuna foleni darajani. Pita nyuma ya kiwanda cha zamani."

* * *

Daktari wa kliniki ya Söderköping aliitwa Ylva Kjellin. Alikuwa na manyoya ya mbwa hadi kwenye nyusi, na alimkumbuka yule paka mara moja.

"Aliletwa na mwanamume mrefu. Alisema jirani yake kalazwa, amemletea paka wake. Paka anakunywa maji kama ng'ombe, anakonda. Nilipima mkojo na damu, sukari iko juu mno. Nilimwonyesha jinsi ya kuchoma sindano."

"Chipu uliisoma kwa mashine?"

Ylva akaangalia kumbukumbu kwenye kompyuta.

"Alikuwa na karatasi," akasema polepole. "Asubuhi ile nilikuwa na mbwa aliyemeza soksi. Nikainakili namba kutoka kwenye karatasi."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyehakikisha kwamba karatasi na paka ni kitu kimoja."

"Hakuna." Daktari akakaa. "Mungu wangu, huyo mama nimemfanya nini?"

"Bado hatujui. Ulimpiga picha ya eksirei?"

"Nilimpiga. Nilitaka kuona tumbo na kifua. Alitulia, nikampiga mzima, kichwa hadi mkia. Sikuwatumia kwa sababu haikuonyesha ugonjwa."

Picha ikafunguka kwenye kompyuta. Disa akainama hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Chipu huonekana kwenye eksirei?"

"Huonekana vizuri sana. Ni kama punje nyeupe ya mchele, hapa kati ya mabega..." Kidole cha Ylva kilifika kati ya mabega, kikabaki hapo. Hakukuwa na punje. Akafungua picha ya pili, ya ubavuni. Akaikuza mara mbili, mara nne.

"Inaweza kuhama?"

"Huweza kushuka begani, hata kifuani. Lakini huyu paka mzima yuko mbele yetu. Haipo popote. Hakuwahi kutiwa chipu."

Disa akatoa kwenye faili picha ya wiki iliyopita, ile ya hospitali ya wanyama, Saffran akiwa na nyonga iliyovunjika. Akaishikilia kando ya kompyuta. Kati ya mabega ya Saffran punje nyeupe iling'aa kama imepakwa chokaa.

"Na mkia," akasema Disa.

Ylva alikuwa ameshauona. Mkia wa Saffran ulikuwa umenyooka hadi mwisho. Wa paka wa Machi ulikuwa na mifupa miwili ya mwisho iliyojiunga kombo, ncha imejikunja kama ndoana.

"Hiyo ni ajali ya zamani," akasema daktari. "Labda mlango. Haiwezi kunyooka tena, na Saffran hana hata alama." Akasimama. "Hawa ni paka wawili."

"Utaandika hivyo?"

"Nitaandika hivyo, na nitaandika kwamba sikusoma chipu. Kosa ni langu, litakaa kwenye karatasi yangu."

Akaandika, akatia sahihi, akapiga muhuri. Disa alikaa garini, mlango wazi, akafungua kompyuta yake mapajani. Kama paka wa Machi hakuwa Saffran, kuna mtu aliyetaka kisukari cha paka wake kiandikwe kwenye jina la mwingine. Na mtu wa namna hiyo hufanya hivyo kwa sababu moja: anataka kwenda kununua bima na mikono safi.

Akatafuta kwenye rejista ya kampuni. Mtaa wa Alfhild, bima za paka, mwezi wa Machi. Zikatoka mbili. Ya kwanza ya Alfhild: mifupa ndiyo, dawa hapana. Ya pili ilikuwa ya Holger Frisk. Paka Kasper, rangi ya chungwa, miaka sita. Alitiwa chipu kwa mara ya kwanza tarehe kumi na sita Machi. Bima ilianza tarehe kumi na saba, na kila nyongeza ya ajali ilikuwa imekataliwa. Kilichochaguliwa kilikuwa kimoja tu, nyongeza ya dawa, tena ile ya juu kabisa. Mkataba ulikuwa na siku ishirini za kungoja kabla ya kudai ugonjwa. Siku ya ishirini na tatu Holger alidai.

Ugonjwa: kisukari.

Disa akacheka peke yake kwenye maegesho, hadi mtu mwenye sungura kwenye boksi akageuka kumtazama. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

* * *

Holger Frisk alikuwa anapakia gari kwenda mashambani. Viti vya kukunja, pipa la samaki wa siki, kreti ya bia. Alikuwa na uso mpole na mikono mikubwa, na alipoona kitambulisho cha Disa alitabasamu.

"Maskini Alfhild. Bado mnamsumbua?"

"Tarehe nne Machi ulikwenda na paka Söderköping."

"Nilikwenda. Saffran alikuwa hana raha. Nilitaka kusaidia."

"Kwa nini hukumwambia Alfhild kwamba paka wake ana kisukari?"

"Mtu katoka kwenye kisu, nimwongezee huzuni? Nikabadilisha chakula, paka akapata nafuu. Nikaona mambo yamekwisha."

Lilikuwa jibu zuri. Disa alilisikiliza kama anavyosikiliza fundi mzuri akipiga msumari.

"Kuna kliniki mtaa wa pili kutoka hapa. Söderköping ni mwendo wa dakika ishirini na tano."

"Hapa kulijaa."

"Nitawauliza. Na Kasper wako alianza kuugua lini?"

"Aprili. Ajabu, siyo? Paka wawili kwenye jengo moja."

"Ajabu kweli. Yuko wapi?"

"Ndani. Hapendi wageni."

Lakini Kasper alikuwa amechoka kukaa ndani peke yake. Alitoka kwenye mlango uliosahauliwa wazi, mnene, wa rangi ya chungwa, akashuka ngazi moja baada ya nyingine akiwa ameuinua mkia kama bendera. Ncha ya mkia ilikuwa imejikunja kama ndoana.

Disa aliitoa picha ya eksirei aliyopewa na Ylva, akailaza juu ya kreti ya bia, chini ya jua, na kuweka kidole kwenye mifupa miwili ya mwisho. Holger akaitazama picha. Akamtazama paka. Kasper akajisugua kwenye mguu wake.

"Huyu wa kwenye picha hana chipu," akasema Disa. "Wako alitiwa siku kumi na mbili baadaye. Twende tukampige picha nyingine sasa hivi? Ni haki yako. Ikitofautiana nitakuomba radhi mbele ya mtaa mzima."

Holger akaketi kwenye kiti cha kukunja, kikalia.

"Muuzaji wa duka la wanyama aliniambia," akasema hatimaye. "Ugonjwa ukishaandikwa, hakuna kampuni inayoukatia bima. Nilishaona dalili. Nikasema niwe na uhakika kwanza. Karatasi za Alfhild zilikuwa kwenye droo. Hakuwa na bima, kwa hiyo niliona haitamdhuru mtu. Nani angesoma?"

"Halafu ukamsifia bima yako kwenye ngazi."

"Nilikuwa nazungumza tu." Akajifuta uso. "Alipokuja na lile daftari lake kuniuliza maswali, nilitaka ardhi inimeze."

"Ardhi haikukumeza. Na barua ilipokuja kwamba yeye ni tapeli?"

Holger akainama kumkuna Kasper masikio.

"Chukua kalamu," akasema Disa. "Yote, kwa mwandiko wako, na tarehe."

"Mtanipeleka polisi?"

"Bosi wangu ana bahasha iliyokwisha kuandikwa anwani. Ilikuwa imekosa jina sahihi tu."

* * *

Saa sita kasoro dakika nane Disa alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, simu sikioni.

"Nalamba gundi ya bahasha," akasema Wrede.

"Usilambe. Angalia simu yako. Nimekutumia picha mbili za eksirei, barua ya daktari, na kurasa mbili za mwandiko wa Holger Frisk. Halafu fungua mkataba wake, uone alichagua nini."

Nyuma ya Wrede watu walikuwa wakiagana na kuvuta mabegi.

"Paka wawili," akasema.

"Paka wawili na mwizi mmoja. Na hakuwa huyu tuliyemshika."

"Umenishinda, Disa."

"Mimi siye uliyemwandikia barua. Mwenyewe huyu hapa."

Alfhild alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Disa akampa simu na kuweka spika. Wrede akaanza kusema kwamba kampuni inasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

"Sauti ya ofisini hiyo," akasema Alfhild. "Sema polepole, kama unatangaza kituo. Mimi nilifanya nini?"

Wrede akakohoa. "Hukufanya kosa lolote, Alfhild. Fomu yako ilikuwa kweli tupu. Sisi ndio tuliokosea."

"Kwa barua?"

"Kwa barua. Na jina lako haliingii rejista yoyote."

"Na hospitali?"

"Ninawapigia nikikata simu hii."

"Kata basi, kijana. Unangoja nini?"

Dakika nne baadaye simu ya jikoni ikalia. Hospitali ya wanyama ilikuwa imepata neno, chumba cha upasuaji kinaandaliwa, Saffran hajala tangu asubuhi kama inavyotakiwa na ameshamkwaruza muuguzi. Alfhild akasikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaweka simu chini kwa uangalifu. Kisha akaketi kwenye kiti alichosogezewa na Disa. Mama yule akalia kwa kicheko, au alicheka kwa machozi. Ilikuwa vigumu kutenganisha.

"Na Kasper?" akauliza alipopata sauti. "Sindano zake anapata?"

"Anapata."

"Paka hana kosa. Huyo bwana wake nitamsemesha Jumatatu, sikukuu ikipita. Leo nina furaha, sitaki kuiharibu."

* * *

Saffran alitoka hospitali siku ya tisa, chuma nyongani, nyuma amenyolewa kama kuku aliyenyonyolewa. Daktari alimweka sakafuni kwanza. Paka akasimama, akayumba, akatafakari, kisha akatembea hatua sita hadi kwenye kikapu chake na kuingia mwenyewe. Alfhild alizihesabu hatua kwa sauti, na wauguzi wakapiga makofi.

Disa alikuwa amekuja na gari kuwapeleka nyumbani.

"Ahsante, lakini hapana," akasema Alfhild. "Tunapanda tramu."

Ilikuja ya manjano kwenye reli za barabarani, ikiwa imejaa nusu. Dereva alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi ambaye Alfhild ndiye aliyemfundisha kazi. Wakati ule wa barua, habari za utapeli zilikuwa zimefika hadi depo ya tramu; habari za pili, kwamba hakuwa na kosa, zilikuwa zimefika pia. Dereva akatoka kwenye chumba chake, jambo ambalo haliruhusiwi, akamshika mkono mwalimu wake hadi kwenye kiti cha mbele. Disa akaketi nyuma yao. Kikapu kikatua mapajani, na ndani yake Saffran akaanza kukoroma kwa raha, sauti ikipanda hadi viti vya jirani.

Abiria walingoja. Hakuna aliyetazama saa.

"Umekaa vizuri, Alfhild?" dereva akauliza kwenye kipaza sauti, ili behewa zima lisikie.

"Nimekaa," akajibu Alfhild. "Umechelewa dakika mbili. Endesha."